Kesi ya kibarazani baada ya pepa la hesabu

Pepa la hesabu likiisha, wanafunzi wa huku kwetu Mafiati, Mbeya, hawaendi nyumbani. Wanajazana kwenye kibaraza cha duka la steshenari linalotazamana na chumba ninachofundishia twisheni. Mmoja anachora pembetatu vumbini kwa kijiti, mwingine anahesabu kwa vidole, na kesi inafunguliwa: "Namba tano umepata ngapi?" Mimi nipo dirishani na chai yangu. Kesi hiyo nimeisikiliza miaka mingi, wakati wa moko, yaani mtihani wa majaribio, na Novemba wakati wa NECTA yenyewe, mtihani wa Baraza la Mitihani wa kidato cha nne, na hukumu zake nyingi hazina msingi.

"Tuliopata jibu hili ni wengi, basi ndilo"

Hii ndiyo inayoliza watoto kuliko zote, kwa hiyo nianze nayo.

Moko ya mwaka mmoja ilikuwa na swali la gunia la viazi. Namba nimezibadilisha, mtego ni uleule: gunia linauzwa shilingi 60,000, bei ikapanda kwa asilimia 20, halafu ikashuka kwa asilimia 20. Sasa ni shilingi ngapi? Pale kibarazani walikuwa sita. Watano walikuwa na 60,000 na wanagongeana viganja. Wa sita, binti wa kaka yangu, alikuwa na 57,600. Hakubisha. Alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole, akavuka barabara, akasimama mlangoni kwangu macho yamejaa maji.

"Baba mdogo, nimeharibu. Wenzangu wote wana sitini."

Nikampa karatasi, nikamwambia apige upya bila kukumbuka cha mtu. Asilimia 20 ya 60,000 ni 12,000, bei ikawa 72,000. Mpaka hapo hakuna ugomvi. Lakini asilimia 20 ya kushuka inakatwa kwenye 72,000, si kwenye ile 60,000 ya zamani. Hiyo ni 14,400. Ukitoa unabaki na 57,600. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi, akaanza kulia upya, safari hii kwa hasira, maana alishakubali kwamba yeye ndiye mjinga.

Wale watano hawakuwa mashahidi watano. Walifundishwa na mwalimu mmoja, wanakaa diskasheni moja, wakateleza kwenye ganda moja la ndizi. Makosa ya hesabu yana njia zake zilizokanyagwa, na wanaosoma pamoja huzipita pamoja. Tusidanganyane lakini: mara nyingi mwenye jibu la peke yake huwa amekosea kweli. Ninachokataa ni kura. Jibu la hesabu hulijui kwa kunyoosha mikono, unalijua kwa kulipiga tena, na pale kibarazani hakuna anayelipiga tena.

"Majibu yetu hayafanani, kwa hiyo mmoja kakosa"

Si lazima. Duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10: aliyetumia pai ya 3.14 anapata mzingo wa 62.8, aliyetumia 22/7 anapata 62.86. Nimewahi kuona marafiki wawili wakinuniana kwa tofauti hiyo isiyofika milimita moja. Kama swali limetaja pai ya kutumia, fuata hiyo; kama halikutaja, wote wawili wana kazi halali mkononi. Vilevile 3/8 na 0.375 ni kitu kimoja.

Kwenye vipeuo ndiko watu wanakotishana zaidi. 1/(√3 − 1) na (√3 + 1)/2 vinaonekana kama havijawahi kukutana. Piga vyote kwa desimali: 1.366, vyote viwili. Kama swali lilidai uondoe kipeuo kwenye asili, yaani namba ya chini ya sehemu, huyo wa kwanza hajamaliza kazi. Kutomaliza na kukosa si jambo moja, ingawa kibarazani vyote vinaitwa "umeliwa".

"Jibu la mwisho likikosewa, swali lote limeungua"

Sijui nani alianzisha hii. Pepa la hesabu la kidato cha nne lenyewe, kwenye maelekezo yake, linamtaka mtahiniwa aonyeshe kazi yote na majibu kwa uwazi. Unadhani wanataka kazi ili waipambie ukuta? Inasahihishwa. Rudi kwenye viazi: aliyeandika 12,000, akaandika 72,000, akajua kwamba asilimia inayofuata ni ya 72,000, kisha akateleza kwenye kuzidisha akaandika 14,000 na kumalizia na 58,000, huyo ameonyesha anajua anachofanya, na hatua zake zina thamani. Aliyeandika 57,600 tupu, bila mstari hata mmoja juu yake, ndiye mwenye sababu ya kukosa usingizi. Kibarazani huyo wa 57,600 ni bingwa na wa 58,000 ni marehemu. Kwenye meza ya msahihishaji mambo yanaweza kugeuka.

Sasa tupige hesabu ya pepa zima, jambo ambalo wanafunzi wa hesabu, ajabu, hawalifanyi. Kwa muundo uliotumika miaka ya karibuni kuna maswali 14, yote ya lazima: kumi ya sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya sehemu B yenye alama 10. Jumla 100. Swali la viazi likiungua lote, hata hatua moja isihesabike, zimeondoka 6, zimebaki 94. A inaanzia 75, B 65, C 45, D 30. Mtoto ambaye kibarazani amegundua makosa mawili ya sehemu A anajiona ameshafeli, wakati amepoteza si zaidi ya alama 12. Anayeshindania D akiwa na maswali matano ya sehemu A yaliyonyooka tayari ana 30 zake. Sisemi pepa ni jepesi. Nasema woga unahesabu kwa kizidisho ambacho mtihani hauna.

"Ningeacha jibu langu la kwanza!"

Huu wimbo kila mtu anaujua: nilikuwa nalo, nikafuta, nikajiponza. Mwaka 2005 watafiti watatu wa Marekani, Justin Kruger, Derrick Wirtz na Dale Miller, walichapisha matokeo ya kukagua alama za mfutio kwenye mitihani zaidi ya 1,500 ya kuchagua jibu. Karibu nusu ya mabadiliko yote yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye sahihi. Yaliyotoka kwenye sahihi kwenda kwenye kosa yalikuwa karibu robo. Mbona basi kila mtu anakumbuka lile aliloliharibu? Kwa sababu hilo ndilo linalouma. Ulilofuta ukapata hulisimulii, ulishalisahau. Mitihani yao ilikuwa ya kuchagua, yetu ni ya kuandika kazi, ila majuto nayasikia yaleyale. Kwa wenye kufuta, ombi langu ni moja tu: kata kwa mstari mmoja safi, acha kulipaka wino kama unapiga rangi mlango.

"Skimu imeshatoka, iko kwenye gurupu"

Iliyopo kwenye gurupu ni kazi ya mtu kama mimi, aliyekaa na maswali usiku akiwa na usingizi, na mimi nakosea. Skimu ya kusahihishia ya Baraza haitolewi kwa watahiniwa jioni ya pepa. Tusipoteze muda hapa.

"Pepa lilikuwa gumu kwa wote, Baraza litalegeza"

Hii ina mzizi. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume, na mwezi Mei serikali ikayafuta ili yapangwe upya. Kaka na dada waliopita kipindi hicho wamewasimulia wadogo zao, na wadogo wameichukua kama ahadi. Lakini ule ulikuwa mtikisiko wa mtihani wote, uliofika mpaka serikalini. Hesabu peke yake kuwa ngumu si habari: mwaka 2023 waliofaulu somo hili walikuwa karibu robo tu ya watahiniwa, na D ilibaki palepale kwenye 30. Atakayelala akisubiri huruma hiyo asubuhi atakuta pepa lingine mezani.

"F ya hesabu, basi tena"

Daraja linapangwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo hesabu ikianguka na saba nyingine zikasimama, hesabu haiburuzi zote shimoni. Hapo hapo nisiwadanganye kwa upande wa pili: anayetaka uhandisi au mchepuo wenye hesabu ndani yake, hiyo F itamkuta mlangoni. Wazazi wanaosema "hesabu haina kazi maishani" huku wanauza mbao kwa futi wananichekesha.

"Bila kulinganisha sitalala"

Mwisho wanafunzi hunijibu hivyo, na hapa sina ubishi mkubwa, maana hata mimi nililinganisha. Nimeona tu wanalala vibaya zaidi wakishalinganisha, na kesho kuna pepa lingine. Kwangu kuna daftari moja juu ya kabati. Mwenye swali linalomkaba analiandika humo na kuondoka. Pepa la mwisho likiisha, tunakaa tunayapiga yote, na soda nanunua mimi. Wengine huandika. Wengine huvuka barabara moja kwa moja hadi kibarazani.

Ile moko iliporudi, binti wa kaka yangu alikuwa na alama zote za viazi. Kilichomwangusha ni namba mbili, ambayo siku ile wote sita walikuwa na jibu moja na hakuna aliyeirudia.