Dawa za utumbo na mambo ya chumbani

Mwenye ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, magonjwa mawili ya utumbo kuwaka, yaani kuvimba na kutoka vidonda, huzoea upesi kueleza habari za choo chake: ameenda mara ngapi, kuna damu au kamasi, kimemwamsha usiku au la. Yakifika mambo ya chumbani, yeye na daktari wote hujikuta wanatazama faili. Wapo wanaoishia kuacha dawa zote kimyakimya, wakiamini ndizo zinazowamaliza hamu na nguvu, kumbe mhusika ni dawa moja tu, au si dawa kabisa.

Huu ndio ule ugonjwa wa vidonda vya tumbo?

Hapana. Vile hukaa kwenye tumbo la chakula au mwanzoni mwa utumbo mwembamba, na vingi huletwa na bakteria. Hapa ni kinga ya mwili wako mwenyewe inayoushambulia utumbo, na huendelea kwa miaka. Kolaitisi hukaa kwenye utumbo mpana. Crohn huweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa. Afrika Mashariki wapo wanaotibiwa kwanza amiba, TB ya utumbo au bawasiri kabla jina lake halijapatikana. Hauambukizi kwa busu, kwa tendo la ndoa wala kwa kula sahani moja.

Hamu imekwisha kabisa. Ni dawa?

Anza kuushuku ugonjwa. Utumbo ukiwa umewaka, mtu hupungukiwa damu, huchoka na kuumwa, na muda wote hofu yake ni kukimbilia chooni katikati ya mambo. Nani atakuwa na hamu hapo? Ndiyo maana wengi hurudiwa na hamu dawa zinapoanza kufanya kazi, na anayeziacha hujikuta amerudi pale pale alipoanzia. Sonona nayo huandamana sana na magonjwa haya, na baadhi ya dawa za sonona hupunguza hamu au huchelewesha kufika kileleni.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi inayotuliza utumbo uliowaka, ina lawama zake. Huvuruga homoni, usingizi na hisia, huvimbisha uso, huleta chunusi, na mtu akijitazama kwenye kioo hajioni. Usiiache ghafla hata hivyo: mwili uliozoea dozi kwa wiki kadhaa huwa umepunguza kutengeneza homoni yake ya aina hiyo, na kuikata siku moja kunaweza kukuangusha. Hupunguzwa kidogo kidogo. Tena si dawa ya kukaa nayo miaka. Kama kila ukipunguza unaumwa upya, hiyo ni sababu ya kumwomba daktari abadilishe mpango mzima.

Mke wangu hapati mimba na mimi natumia sulfasalazini. Kuna uhusiano?

Upo, na hili ni miongoni mwa mambo yanayojulikana vizuri zaidi katika habari hii yote. Sulfasalazini ni dawa ya zamani. Ilianzia Sweden kwa daktari Nanna Svartz, mwishoni mwa miaka ya 1930, ikikusudiwa magonjwa ya viungo, ndipo ikaonekana inasaidia utumbo. Ndani yake zimeunganishwa dawa mbili: mesalazini, inayotuliza utumbo, na dawa ya jamii ya salfa, ambayo ni kama punda wa kuibeba ile ya kwanza hadi utumbo mpana. Punda ndiye mkorofi. Hupunguza idadi ya mbegu za kiume na kuzifanya ziogelee vibaya. Kwa kawaida haigusi nguvu wala hamu, kwa hiyo mwanaume hujiona mzima kabisa, na lawama humwangukia mke. Nyumba ngapi zimeingia ugomvi kwa sababu ya kidonge ambacho mume anakimeza wazi mezani!

Habari njema ni kwamba madhara haya hurudi nyuma. Mbegu huchukua miezi miwili hadi mitatu kutengenezwa, kwa hiyo baada ya kuacha dawa subiri kipindi hicho ndipo upime tena manii. Wengi wenye kolaitisi huhamishiwa mesalazini peke yake na utumbo hubaki umetulia. Usigeuze jambo hili kuwa uzazi wa mpango, kwani mimba huweza kutungwa hata mbegu zikiwa chache. Mwanamke anayetumia dawa hiyo hiyo hazuiliwi kushika mimba, ila inampunguzia vitamini ya folati, hivyo anahitaji kuongezewa asidi ya foliki.

Kuna dawa ambayo mwanamke asishike nayo mimba kabisa?

Methotreksati, mojawapo ya dawa za kupunguza kinga. Ndiyo dawa hiyo hiyo hospitali huitumia kumaliza mimba iliyotunga nje ya kizazi, kwa hiyo hapa hakuna mzaha. Huharibu mimba au kumwachia mtoto kasoro. Tumia njia ya uhakika ya kuzuia mimba, na ukitaka mtoto iache kwa ushauri wa daktari angalau miezi 3 kabla. Wapo wanaosisitiza 6. Mwanaume anayeitumia naye aseme kabla ya kutafuta mtoto. Tofasitinibu, kidonge kingine cha kupunguza kinga, nayo huepukwa wakati wa ujauzito.

Na dawa nyingine? Niliambiwa niache zote nikishika mimba.

Ushauri huo huumiza wengi. Kidonge cha azathioprini, na sindano kama infliximabu na adalimumabu, zote dawa za kupunguza kinga, kwa kawaida huendelea kutumika wakati wa ujauzito, kwa sababu hatari kubwa kwa mama na mtoto ni ugonjwa kulipuka. Ni vyema kutafuta mimba utumbo ukiwa umetulia kwa miezi 3 hadi 6. Ukishika mimba ugonjwa ukiwa umewaka, mara nyingi hubaki umewaka.

Ila kuna jambo moja ambalo mama wa Tanzania au Kenya alibebe hadi chumba cha kujifungulia. Infliximabu na adalimumabu hupita kwenye kondo la nyuma na mtoto huzaliwa nazo mwilini. Kwetu mtoto hupewa BCG, chanjo ya TB, akiwa na siku chache tu, na hiyo ni chanjo yenye vijidudu hai vilivyopunguzwa nguvu. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliripoti kifo cha mtoto aliyepewa BCG baada ya mama yake kutumia infliximabu katika ujauzito. Vijidudu vya chanjo vilisambaa mwilini. Kwa hiyo mwambie mkunga mapema, na iandikwe kwenye kadi ya kliniki. BCG huahirishwa kwa angalau miezi 6, na kwa infliximabu miezi 12; kuhusu nyingine zenye vijidudu hai, ile ya rota ya kuzuia kuhara ikiwemo, muulize daktari kwanza. Zisizo na vijidudu hai hutolewa kwa ratiba yake.

Wanawake wanaotumia dawa za kupunguza kinga wasiruke kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi. Kinga ikishuka, virusi vya HPV, vinavyoleta saratani hiyo, hukaa kirahisi zaidi.

Vidonge vya majira vinafanya kazi kwangu?

Inategemea. Vidonge hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kama Crohn imeshambulia hapo, umekatwa sehemu yake, au unaharisha sana, usivitegemee. Vyenye estrojeni pia huongeza hatari ya damu kuganda, na ugonjwa ukiwa umewaka hatari hiyo tayari ipo juu. Sindano ya miezi mitatu hupunguza uimara wa mifupa, kama prednisoloni. Kitanzi na kipandikizi havipiti tumboni kabisa.

Nitafanyiwa upasuaji wa kuondoa utumbo mpana. Nitabaki mwanaume? Na mwanamke je?

Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume na kuongoza manii hupita karibu mno na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kwa mikono yenye uzoefu ni wachache wanaopata shida ya kudumu, na baadhi yao husaidiwa na sildenafili, dawa ya kusimamisha uume. Muulize daktari kabla, si baada, na kama hamjamaliza kuzaa uliza kuhusu kuhifadhi mbegu. Kwa mwanamke makovu ndani ya nyonga huweza kunasa mirija ya uzazi, hivyo mimba huwa ngumu zaidi kuliko zamani. Upasuaji wa matundu madogo huonekana kuacha makovu machache. Wengine huumia wakati wa tendo au hupata ukavu, na kilainishi cha maji husaidia.

Ukiwa na mfuko wa stoma, ule unaobandikwa tumboni kupokea choo kinachotoka kwenye tundu la upasuaji: umwage kabla, kagua ulivyoshika, kisha funga kanga kiunoni uutulize. Mwenzako hawezi kuuumiza kwa kuugusa tu. Lakini lile tundu lenyewe halina hisia ya maumivu, kwa hiyo kitu chochote kisiingizwe humo; utajeruhiwa bila kujua.

Upepo na choo vinatokea ukeni. Sijawahi hata kuzaa.

Fistula haiji kwa uzazi peke yake; Crohn nayo hutoboa njia kati ya utumbo na uke. Sema wazi kwamba una Crohn, maana fistula ya aina hii ikishonwa ugonjwa ukiwa bado umewaka, mara nyingi hufunguka tena.

Dawa za nguvu za kiume za sokoni je?

Baadhi ya hizo "za asili" zimekutwa na sildenafili ndani, kwa kipimo asichokijua hata muuzaji. Kama una dawa za moyo zenye naitreti, presha inaweza kuporomoka vibaya.

Nimeandikiwa dawa ya kupachika njia ya haja kubwa kila usiku, na usiku ndio saa yenyewe.

Tendo kwanza. Kisha nenda chooni, pachika dawa, ulale.