Kwa Nini Mji Mdogo wa Mashambani Hukichagua Chama Kilekile Vizazi kwa Vizazi?

Katika miji mingi midogo ya mashambani, matokeo ya uchaguzi hujulikana kabla masanduku ya kura hayajafunguliwa. Chama kilichoshinda enzi za mababu ndicho kinachoshinda leo, ingawa wagombea na sera wamepita wengi na walioanzisha mazoea hayo wamekwisha kuzikwa. Jibu la haraka ni kwamba watu wa mashambani ni wagumu wa kubadilika, lakini jibu hilo halielezi kwa nini vijiji viwili vya wakulima, vilivyo umbali wa saa chache kwa miguu, vielemee pande mbili zinazopingana.

Mfaransa André Siegfried alilichunguza swali hilo kwa makini, na mwaka 1913 akachapisha utafiti wake kuhusu chaguzi za magharibi mwa Ufaransa. Katika eneo la Vendée aliona kwamba penye mwamba wa itale watu waliwapigia kura wagombea wa mrengo wa kulia, waliokuwa karibu na makabaila na Kanisa, ilhali penye mawe ya chokaa waliiunga mkono jamhuri. Utafiti huo mnene ukafupishwa kuwa msemo kwamba itale hupiga kura kulia na chokaa hupiga kura kushoto, na wengi huishia hapo, wakicheka. Mwamba, bila shaka, haupigi kura. Uliloamua ni mahali pa kupata maji. Itale haipitishi maji kwa urahisi, hivyo chemchemi na visima vilipatikana karibu kila mahali, na kila familia iliweza kujenga peke yake katikati ya mashamba. Chokaa huyaacha maji yazame chini sana, hivyo watu walilazimika kukusanyika katika vijiji vikubwa penye visima vichache. Familia iliyoishi peke yake kwenye itale, mara nyingi juu ya ardhi ya kabaila aliyeweza kuifukuza, ilikutana na wenzake hasa siku ya Jumapili kanisani, ambako aliyesema alikuwa padri. Wanakijiji wa kwenye chokaa, ambao wengi wao walikuwa na vishamba vyao wenyewe, waliweza kubishana kila siku bila kumwomba mtu ruhusa.

Namna kura yenyewe ilivyopigwa ilizidisha nguvu ya mwenye ardhi. Kabla ya sheria ya Julai 1913, mpiga kura wa Ufaransa alimkabidhi msimamizi wa kituo karatasi iliyokunjwa, naye msimamizi, ambaye vijijini aghalabu alikuwa meya, ndiye aliyeitumbukiza sandukuni. Karatasi hizo zilichapishwa kwa niaba ya wagombea, na unene au rangi yake iliweza kumfichua mpigaji. Sheria hiyo ndiyo iliyoleta bahasha na kituturi, yaani kibanda cha kupigia kura kwa siri. Mtu angetarajia kwamba baada ya hapo wakulima wangetawanyika kila mmoja na chama chake, lakini maeneo mengi ya magharibi yaliendelea na mwelekeo wao wa zamani kwa miongo mingi.

Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba kituturi huificha karatasi tu. Maongezi ya mwaka mzima hakiyafichi. Katika mji mdogo, mteja wako ndiye jirani yako, na pengine ndiye mwalimu wa mtoto wako au shemeji yako, kwa hiyo anayetofautiana na wengi huona afadhali anyamaze. Kimya chake huwafanya walio wengi waonekane wengi zaidi ya walivyo, na watoto hukua wakisikia hoja za upande mmoja. Vijana wanaohama hupunguza sauti nyingine chache zilizobaki. Hatimaye chama hurithiwa kama jina la ukoo.

Urithi wa namna hiyo waweza kudumu kuliko sababu iliyouzaa. Kaunti ya Winston, katika vilima vya kaskazini mwa Alabama nchini Marekani, ambayo makao yake ni mji mdogo wa Double Springs, haikuwa na mashamba makubwa ya pamba, na watumwa walikuwa wachache. Alabama ilipoamua kujitenga na Marekani mwaka 1861, mjumbe wa Winston, Charles Christopher Sheats, alikataa kutia sahihi azimio hilo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata kati ya Kaskazini na Kusini iliyojitenga, kaunti hiyo iliegemea chama cha Republican, chama cha Abraham Lincoln, rais aliyeiongoza Kaskazini, huku jimbo lililoizunguka likiwa ngome ya Democratic kwa miongo mingi. Mbele ya mahakama ya Double Springs ipo sanamu ya askari mmoja ambaye nusu yake ni wa Kaskazini na nusu ni wa Kusini.

Rais Lyndon Johnson wa Democratic alipotia sahihi Sheria ya Haki za Kiraia, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi, mwaka 1964, Wazungu wengi wa Kusini walikuwa wameanza kukihama chama chake kuelekea Republican. Winston haikuhitaji kuhama, na mwaka 2020 takriban asilimia 90 ya kura zake zilimwendea Donald Trump. Anayetazama takwimu peke yake atasema watu wa pale hawakubadilika. Lakini babu alikichagua chama hicho kwa kuwapinga wenye mashamba ya pamba waliolitawala jimbo lake, na mjukuu anakichagua hichohicho bega kwa bega na Wazungu wa jimbo lilelile lililomwona babu yake kuwa msaliti.