Muunganisho Umekubaliwa, Lakini Nani Ameupokea?

Waandishi wengi wa programu za mtandao, hasa wale wanaoanza, huamini kwamba wito wa accept, yaani ombi ambalo programu ya seva hutoa kwa mfumo ili ipokee mteja, ndio unaounganisha tarakilishi mbili. Dhana hiyo si sahihi, nayo huzaa seva zinazofanya kazi vizuri wakati wa majaribio kisha zikakwama pindi watumiaji wanapoongezeka. Katika mafunzo tunayotoa hapa Kisumu, hakuna jambo ninalolisisitiza kuliko hili.

Utaratibu wenyewe ni mfupi, na haujabadilika sana tangu ulipotolewa pamoja na mfumo wa 4.2BSD wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1983. Programu huomba soketi, yaani ncha ya mawasiliano ya mtandao, kwa wito wa socket, huipa anwani na poti (namba inayotambulisha huduma kwenye mashine) kwa bind, hutangaza kwa listen kwamba iko tayari kupokea, halafu huita accept kila mara. Wito huo wa mwisho haurudishi soketi ileile inayosikiliza, bali soketi mpya iliyo ya mteja mmoja tu, huku ile ya kwanza ikiendelea kusikiliza.

Kinachofichika ni kazi ya kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji. Kwa mujibu wa TCP, itifaki inayosimamia miunganisho hiyo, tarakilishi ya mteja hutuma pakiti ya SYN ya kuomba kuunganishwa, seva hujibu kwa SYN-ACK, na mteja hukamilisha kwa ACK. Mabadilishano hayo matatu hufanywa na kerneli bila programu yako kuhusishwa, kisha muunganisho uliokamilika huwekwa kwenye foleni. Kazi ya accept ni kuchukua aliye mbele katika foleni hiyo. Kwa hivyo mteja anaweza kuwa katika hali ya mgonjwa aliyekwisha kuandikishwa mapokezi ilhali daktari hana habari kwamba yupo: kwa upande wake muunganisho umefaulu, na anaweza hata kutuma data ambayo kerneli itaihifadhi, lakini jibu haliji.

Jambo hili linaweza kuonekana kwenye mashine yoyote ya Linux. Andika programu inayoita listen kwenye poti 8080 kwa ukomo wa foleni wa 2, kisha ilale bila kuita accept kamwe. Fungua madirisha manne ya amri, na katika kila moja ujaribu kuunganika na poti hiyo kwa kutumia nc, programu ndogo ya kufungua miunganisho. Watatu wa kwanza wataunganika, kwa kuwa Linux huruhusu mmoja zaidi ya ukomo uliotajwa. Wa nne atangoja, SYN yake ikitupwa bila taarifa yoyote na kutumwa upya baada ya sekunde 1 hivi, tena na tena. Ukiendesha wakati huo amri ya ss -ltn, inayoorodhesha soketi zinazosikiliza, safu ya Recv-Q itaonyesha 3, ambayo ni idadi ya wanaosubiri kupokewa, na Send-Q itaonyesha 2, yaani ukomo wenyewe. Ninawasihi wasimamizi wa seva waizoee amri hiyo, kwani Recv-Q inayozidi kupanda kwenye soketi inayosikiliza huonyesha kwamba programu imelemewa hata kabla ya wateja kulalamika. Kuongeza ukomo pekee si tiba, na hata hivyo kerneli haitavuka thamani ya net.core.somaxconn, mpangilio wa Linux unaoweka ukomo wa juu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa 128, ikapandishwa kuwa 4096 katika Linux 5.4.

Tuseme chama cha akiba na mikopo kina seva mjini Kisumu inayopokea hesabu kutoka matawi ya Ahero, Maseno na Bondo. Ikiwa programu inapokea muunganisho wa Ahero, inasoma data yote na kuiandika kwenye hifadhidata kabla ya kurudi kwenye accept, basi Maseno na Bondo watangoja muda wote ambao Ahero inachukua, na mtandao wa Ahero ukiwa dhaifu siku hiyo, kazi ya chama kizima itasimama. Kitanzi kinachoita accept kinafaa kupokea na kukabidhi tu, iwe ni kwa thredi nyingine (mkondo wa kazi ndani ya programu ileile), kwa mchakato mwingine, au kwa kufuatilia soketi nyingi pamoja kupitia epoll, huduma ya Linux ya kazi hiyo.

Hatari kubwa zaidi, na kwetu ni ya kila wiki, ni mteja anayetoweka bila kuaga. Stima ikipotea Bondo na ruta ikazimika, pakiti ya FIN, ile ya kufunga muunganisho, haitumwi, na seva iliyokaa ikisubiri kusoma haina njia ya kujua kwamba upande wa pili hakuna mtu. Ukaguzi wa keepalive, ambao huchunguza kama upande wa pili bado upo, hauwashwi mpaka programu iuombe, na hata ukiwashwa, Linux kwa kawaida husubiri saa 2 kabla ya kutuma pakiti ya kwanza ya uchunguzi. Ni lazima mwandishi aweke kikomo chake mwenyewe cha muda wa kusoma. Asipofanya hivyo, soketi zisizo na wenyewe hulimbikizana hadi zifikie idadi ya faili ambazo mchakato mmoja unaruhusiwa kufungua, ambayo mara nyingi ni 1024. Hapo accept hurudisha kosa la EMFILE, yaani faili zilizofunguliwa zimefikia kikomo, lakini muunganisho hauondolewi kwenye foleni. Kitanzi kinachopuuza kosa hilo hujaribu tena papo hapo, mara maelfu kwa sekunde, na kichakataji hufanya kazi kwa asilimia 100 bila kumhudumia yeyote. Kosa hilo linapotokea, programu inapaswa kulirekodi, ipumzike kidogo, na ifunge soketi zilizokaa bila shughuli. Makosa ya EINTR (wito umekatizwa) na ECONNABORTED (muunganisho umekatwa kabla ya kupokewa) ni mepesi, na yanahitaji tu wito urudiwe.

Limesalia suala la kuwasha upya. Seva iliyofungwa ikiwa na wateja huacha miunganisho katika hali ya TIME_WAIT, yaani kungoja kwa muda baada ya kufungwa, ambayo katika Linux hudumu sekunde 60, na katika muda huo bind inaweza kukataa poti ileile. Chaguo la SO_REUSEADDR, likiwekwa kabla ya bind, huondoa kizuizi hicho.