Je, wajua kwa nini Madrid watu wanakula tapas (vitafunwa vya visahani vidogo vya baa) usiku mnene?

Ingia baa ya tapas mtaa wa Cava Baja, Madrid, saa 1 jioni na njaa yako, utakuta weita bado anapanga glasi na wateja waliopo ni watalii wenzako tu. Wenyeji wanaanza kumiminika saa 3 usiku, saa 5 ndo pamejaa mpaka watu wanakula wamesimama kaunta, mabibi wapo, watoto wapo. Kuna wanaosema eti Wahispania wavivu wanalala mchana, hapana bana, kesi kubwa ni ya saa ya ukutani.

Iko hivi, Madrid iko magharibi ya London, kwa hiyo kwa jua walitakiwa watumie saa za London, na ndo walikuwa wanazitumia hadi tarehe 16 Machi 1940, Franco, dikteta wa Hispania, akaamuru ikifika saa 5 usiku mshale usogezwe uwe saa 6, waende sawa na nchi nyingine za Ulaya, na kipindi hicho mbabe wa Ulaya ni Ujerumani. Vita ikaisha, mshale haukurudi. 2016 Waziri Mkuu Rajoy aliongelea kuurudisha, wapi, uko palepale.

Sasa ongeza na ile saa moja wanayosogeza mbele kila kiangazi, mwezi wa 6 jua Madrid linazama karibu saa 4 kasorobo usiku na utosini linafika saa 8 mchana imeshapita, kwa hiyo anayekula lanchi saa 8 anakula adhuhuri kabisa! Sisi tunaohesabu saa toka jua linapochomoza tutamuelewa fasta. Ila sio jua peke yake, maduka mengi madogo yanafunga mchana masaa kadhaa halafu yanafungua tena, mtu anatoka kazini saa 2 usiku huko.

Ndo maana tapas zina kazi, unashushia bia ndogo na kipande cha tortilla ya mayai na viazi, unahamia baa ya pili, njaa inasubiri dina. Casa Labra karibu na Puerta del Sol wapo tangu 1860, watu wanapanga foleni ya bacalao (samaki aina ya chewa) ya kukaanga, na humohumo ndo chama cha PSOE, cha wasoshalisti wa Hispania, kilianzishwa 1879.

Waislamu wenzangu ulizeni kwanza, maana croquetas (vidonge vya kukaanga vyenye kitu ndani) nyingi zina nguruwe ndani na kwa nje huoni kitu.