Pikapu Kuukuu, Springi na Hesabu ya Kilo

Mteja aliyenifanya niandike haya alifika gereji asubuhi moja na Hilux ya mwaka 1994, ile yenye ekseli nzima mbele na injini ya dizeli ya lita 2.8 isiyo na tabo (turbo), gari ambalo marehemu baba yake alilitumia miaka mingi kuteremshia viazi kutoka Molo hadi Nakuru mjini. Alitaka niliinue inchi nne, nilivalishe matairi makubwa, nilifunge bampa ya chuma yenye winchi, mashine ya kujivutia kwa kamba, na juu ya gari niweke hema la kukunjua, kwa kuwa alikusudia kuipeleka familia Bogoria na Baringo, na baadaye kuvuka Bonde la Kerio kwa njia za ndani. "Fundi, pesa zitakuja kidogo kidogo, lakini nataka gari lisimame," aliniambia. Nilimjibu, "Sawa mkubwa, litasimama, ila kwanza twende mizani."

Kuna ghala la nafaka karibu nasi ambapo malori ya mahindi hupimwa, na mwenye mizani hunipimia pikapu kwa malipo madogo wakati wa mchana malori yanapopungua. Mimi hupima mara tatu: gari zima, kisha magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Tarakimu hizo tatu nazithamini kuliko picha zote ambazo wateja hunionyesha kwenye simu, kwa sababu zinanieleza gari limebakiwa na nafasi gani ya kubeba kabla hatujaongeza hata bolti moja.

Watu wengi hudhani kwamba pikapu ya tani moja ambayo ilikuwa ikibeba magunia haiwezi kushindwa na vyombo vya kambi. Tuhesabu basi. Watu wazima wawili ni kilo 150. Maji lita 60 ni kilo 60. Jerikeni mbili za chuma zilizojaa dizeli, lita 20 kila moja, zinakaribia kilo 42. Hema la juu ni kilo 60, na fremu ya kulibeba kilo 50. Bampa ya chuma pamoja na winchi na kamba yake ni kilo 90. Kanopi ya bati nene iliyochomelewa kwa kazi ya jua kali ni kilo 120, betri ya pili 20, friji ndogo iliyojaa 40, tairi la pili la akiba 30, vifaa na vipuri 40, chakula, viti na mtungi wa gesi 60. Jumla ni kilo 762, na watoto bado hawajapanda. Kwa gari la umri huu, katika barabara ya mawe, sipendi kuvuka robo tatu ya uzito ambao mtengenezaji aliruhusu kwenye lami, na hapa tumekwisha kuvuka. Tofauti yake na viazi ni kwamba magunia hushushwa sokoni na gari likarudi tupu, ilhali vyombo hivi vingi vimefungwa kwa bolti na vitazunguka na gari mwaka mzima.

Mahali uzito ulipokaa pana umuhimu kuliko wingi wake. Hilux hii ina kama mita 2.85 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukitundika kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haielemewi na kilo 100 bali na 135, kwa sababu ya mbele imenyanyuliwa kilo 35, kama watoto wawili wanaopembea juu ya ubao. Somo hilo nililipata kwa gharama yangu. Pikapu yangu ya kwanza niliichomelea kibebeo nyuma kabisa, nikafunga tairi la akiba na jerikeni mbili, nikaona nimeunda kitu cha maana. Baada ya Mogotio, tulipoacha lami na kushika muramu, nilikata kona kwa mwendo wa kawaida tu na usukani ukawa mwepesi mikononi kama wa baiskeli ya mtoto. Magurudumu ya mbele yaligeuka lakini gari halikugeuka, likaenda moja kwa moja hadi kwenye vichaka vya miiba. Hakuna aliyeumia. Tulitoboa matairi mawili, na niliporudi Nakuru nikakuta ufa wenye urefu wa kidole kwenye chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, mahali pale inapoinama nyuma ya kabini. Kibebeo kile nilikikata siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo maji huyaweka chini, yakiwa yameegemea ukuta wa mbele wa sehemu ya mizigo, kati ya ekseli mbili. Vitu vizito kama vifaa na betri huvifuata hapo hapo. Nyuma kabisa hubaki nguo, matandiko na viti. Hema la juu silikatai, ila nalitaka likae juu ya sehemu ya mizigo, lisipite kimo cha kabini, kwa maana kilo 60 zilizo kichwani mwa gari ndizo zinazoliangusha kwenye mteremko wa ubavu, na kwenye upepo wa nyanda za Gilgil utazilipia pia kwa dizeli.

Tulipoingia chini ya gari la mteja, nilianza na nyundo ndogo. Ninaigonga chesi hatua kwa hatua nikisikiliza: chuma kizima hulia kama kengele, kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kisigino kwenye zulia. Magari ya shamba yana adui asiyeonekana, mbolea, kwa maana chumvi zake zikimwagika na kuloa huingia ndani ya chesi na kuila kutoka ndani huku nje rangi iking'aa. Hili lilikuwa salama, isipokuwa kipande cha upande wa kulia karibu na shakeli ya nyuma, kile kishikio cha mwisho wa springi, ambacho tulikikata na kukiwekea kingine.

Springi ndizo zilizonichukua muda. Springi za gari hili ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na marehemu mzee, kama wachukuzi wengi wa viazi, alikuwa ameongezewa vipande viwili kila upande nyuma. Gari lilikuwa limesimama juu kweli kweli, ndiyo maana mwanawe aliona mbele tu ndiko kumelala. Lakini springi ngumu kuliko mzigo wake haifanyi kazi ya springi. Haipindi, basi kila jiwe hupeleka pigo lake moja kwa moja kwenye chesi, kwenye viungo vya kuchomelea vya kanopi, kwenye mayai na kwenye viuno vya abiria, na gurudumu hurukaruka badala ya kushika ardhi. Nilimweleza kwamba nitavitoa vipande vile viwili. Alinitazama kama mtu aliyepeleka suruali kuongezwa urefu akaona fundi amechukua mkasi.

Tulivitoa. Tulisugua vipande vilivyobaki mpaka vikawa laini, tukavitia grisi, tukaweka bushi mpya kwenye shakeli na shokamzoba mpya, kisha tukapakia magunia ya mchanga yenye uzito wa safari tuliouhesabu na kupima kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. Nyuma palikuwa pamezama sentimita chache kuliko nilivyopenda, tukarudisha kipande kimoja chepesi. Mbele tulifunga springi mpya zilizochaguliwa kwa kufuata tarakimu za mizani, na zenyewe zikaliinua gari karibu inchi mbili. Sikupita hapo. Ukiinua gari la aina hii kwa inchi nne, kile chuma cha usukani kinachotoka kwenye boksi kwenda gurudumuni hukaa mshazari, na kila springi inapopanda na kushuka usukani hujivuta wenyewe.

Kuna jambo la breki ambalo sijaona likiangaliwa kwenye magari mengi yaliyoinuliwa yanayoletwa kwangu. Kwenye Hilux za umri huu, kijiti cha chuma huunganisha ekseli ya nyuma na vali iliyofungwa kwenye chesi. Gari likipakiwa, nyuma hushuka, kijiti huisukuma vali, nayo huongeza nguvu ya breki za nyuma. Gari likiwa tupu, vali huipunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Sasa ukiliinua gari bila kukigusa kijiti, vali huamini kwamba gari ni tupu siku zote, hata ukiwa umebeba tani, na breki za mbele zinabaki kufanya kazi peke yake. Kwenye tambarare huenda usitambue. Ukiteremka kutoka Kabarnet kwenda Marigat, ambako barabara inajipinda kwenye milima ya Tugen na kushuka kwa kilomita nyingi, utatambua kwa harufu. Dawa yake ni kusogeza kishikio cha kijiti kwa kiasi kile kile ulichoinua gari. Ni kazi ya saa moja na kipande cha chuma.

Matairi nayo yalitutia katika ubishi. Alitaka 235/85R16, na yaliyokuwepo yalikuwa 205R16. Kipenyo kinatoka kama sentimita 74 na kufika sentimita 80 na nusu, yaani ongezeko la asilimia 8 au 9, maana yake gia zote zimekuwa nzito kwa kiasi hicho kwenye injini ambayo haikuzaliwa na nguvu nyingi, na kipima mwendo kikisema 80 gari linakwenda karibu 87. Tulikubaliana 7.00R16, tairi jembamba lenye kuta ngumu, ambalo hupita vizuri kwenye matope kwa kuwa hukata mpaka chini kwenye ardhi imara. Kwenye mchanga wa lagha, yaani mto mkavu, huko Kerio atapunguza upepo kutoka paundi 35 hadi 18 au 20, na atakaporudi kwenye barabara ngumu ataujaza tena kwa pampu ya betri kabla ya kukimbia. Pampu hiyo ya bei ndogo itamtoa mchangani mara nyingi kuliko winchi, ambayo huhitaji mti wa kufungia. Na Baringo ya chini, kama mnavyoijua, miti yake mingi ni mathenge, vichaka vya miiba, isiyofaa hata kufungia punda.

Tuligundua pia kwamba fundo la gurudumu la mbele kushoto lilikuwa na supu nyeusi badala ya grisi. Hiyo ni dalili kwamba sili ya ndani imekwisha na mafuta ya difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, yanaingia mahali pa grisi. Tulibadilisha sili pande zote mbili pamoja na beringi. Tulipokuwa hapo tulirefusha mipira ya kupumulia ya difu zote hadi juu ya injini. Difu ikiwa na joto na ukaitumbukiza ghafla kwenye mto baridi, hewa ya ndani hujikunja na difu huvuta maji kupitia sili zake. Ukifungua nati ya chini wiki moja baadaye hutoka kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Mita chache za mpira zinazuia hayo, ilhali nimeona magari yenye bomba la kupumulia la injini lililopanda mpaka paani na difu zake zimeachwa kama zilivyotoka kiwandani.

Kuhusu rejeta sitasema mengi: isafishwe, kifuniko na thamostati viwe vizima, kwa sababu Nakuru tunaishi kwenye kimo cha kama mita 1,850 penye baridi, na gari linaloonekana zima hapa huchemka Marigat.

Umeme ulitaka uangalifu. Betri ya pili ya friji na taa hutenganishwa na betri ya kuwashia kwa rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, ili mtu asiamke alfajiri kando ya ziwa na injini isiyowaka. Waya mnene unaotoka kwenye betri lazima uwe na fyuzi karibu kabisa na betri yenyewe, si huko mwisho kwenye friji, kwa kuwa sehemu itakayosuguana na chesi ni hiyo ndefu ya katikati, na waya usio na fyuzi ukigusa chuma hugeuka jiko.

Vumbi jeupe la upande wa Gilgil na Elementaita ni laini kama unga wa mtoto. Gari likienda, nyuma yake hubaki mvuto unaonyonya vumbi kuingia ndani ya kanopi kupitia nyufa za mlango. Tuliziba kingo za mlango kwa mpira, kisha tukaweka tundu dogo lenye chujio mbele ya kanopi, ili hewa iingie kwa mbele na kulisukuma vumbi litoke. Kanopi yenyewe tuliifanya ya fremu nyepesi na turubai, tukaokoa zaidi ya kilo 70. Anayejenga kanopi ya kudumu akumbuke kwamba badiliko la bodi linatakiwa kukaguliwa na kuingizwa kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, na kampuni ya bima iarifiwe.

Winchi hatukuifunga. Badala yake anabeba sepetu, jeki ndefu, mbao mbili na kamba ya kuvutia, kilo 35 kwa jumla.

Safari yake ya kwanza ilikuwa Bogoria, siku tatu. Njia alizokuwa akizikumbuka tangu utotoni zilikuwa zimezama, kwa kuwa maziwa ya Bonde la Ufa yalipanda sana kufikia mwaka 2020, hivyo alizunguka kwa njia ya mawe zaidi kuliko tulivyopanga. Nilikuwa nimemwagiza anirudishie gari kabla hajaliosha. Springi mpya hulala mahali pake baada ya kilomita za kwanza, na nati za boliti zinazozifunga kwenye ekseli hulegea kidogo hata kama zilikazwa sawasawa. Nilijilaza chini na spana, vumbi la Bogoria likinidondokea usoni. Nati za kushoto zilikubali robo mzunguko. Za kulia, upande tuliokata chesi, zilikubali karibu nusu.