Ngoma za albamu ya kwanza ya Queen: wasikilizaji wanasikia sawa, ila lawama wanaipeleka siko

Wanaoipenda albamu ya kwanza ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza, na wasioipenda hukutana kwenye jambo moja: ngoma zake, yaani dramu, zinasikika kama zimepigwa ndani ya kabati la nguo. Wengi humaliza hukumu kwa maneno mawili, "rekodi mbovu". Hapo ndipo ninapoachana nao. Masikio yao hayakukosea, ila kosa wamelibandika pasipo pake. Albamu ile iliyotoka Julai 13, 1973 ilirekodiwa Trident, studio ya mtaa wa Soho, London, ambayo wakati ule ilikuwa kati ya zile zilizotafutwa sana, na mafundi mitambo wake walikuwa hodari. Tatizo ni kwamba studio ilikuwa na namna yake ya kurekodi ngoma, na bendi ilikuwa inataka namna nyingine kabisa.

Sauti ya ngoma ina sehemu mbili. Kuna pigo lenyewe, fimbo ikigusa ngozi, na kuna chumba kinachojibu. Gonga sufuria bafuni kwenye vigae, halafu ligonge lile lile kitandani ukiwa umejifunika blanketi zito. Sufuria ni moja, mkono ni mmoja, lakini mara ya pili unapata "tup" na hakuna kinachofuata. Pale Trident, mpiga ngoma Roger Taylor alikaa kwenye kijumba kidogo cha ngoma chenye kuta zinazomeza sauti, na ngozi za ngoma zikabandikwa utepe ili zisivume. Maiki ziliwekwa karibu kabisa. Hiyo ndiyo blanketi.

Mafundi wa miaka ile walikuwa na sababu zao. Kanda ilikuwa na njia 16 tu, yaani sehemu 16 za kurekodi sauti kila moja peke yake. Ngoma zikivuma ovyo zinaingia kwenye maiki ya gitaa na ya piano, na ukitaka kupunguza ngoma baadaye huwezi tena, kwa sababu zimeshachanganyika na kila kitu. Ngoma kavu inatii. Kwa mwimbaji mmoja na piano yake, ukavu huo ni mtamu kweli, sauti inakaa mbele na ngoma inamsindikiza kwa adabu. Ila weka juu yake magitaa mawili matatu yaliyorundikwa, kila moja limepanuka kutoka spika ya kushoto hadi ya kulia, na ngoma zilizobanwa zinageuka kuwa vidoti. Ngoma hazikushushwa kwenye miksi, yaani sauti zote zilipochanganywa pamoja, kama wengi wanavyodhani. Ziko juu vya kutosha, ila hazina mwili.

Mahali pa kulihakiki hilo ni wimbo wa kwanza, Keep Yourself Alive. Katikati yake magitaa yananyamaza na ngoma zinabaki peke yake, kisha Taylor na mpiga gitaa Brian May wanadakia kila mmoja mstari wake. Sikiliza zile ngoma za kati zinavyopokezana: kila pigo linakatika kabla halijamaliza kusema. Anayepiga ana nguvu na kasi, vidole vyake unavisikia, lakini mkia wa sauti haupo. Sasa tafuta toleo la majaribio la wimbo huo huo, lililorekodiwa De Lane Lea kule Wembley mwishoni mwa 1971. Studio ile ilikuwa mpya, wenyewe walitaka bendi ya kelele ije ipige ili wapime vyumba vyao, na Queen wakapata nafasi ya kurekodi nyimbo tano bila malipo. Toleo hilo lilitolewa rasmi 2011 pamoja na albamu iliyosafishwa upya. Gitaa lina makosa madogo hapa na pale, lakini wimbo unapumua, na mashabiki wengi wa zamani hulipenda kuliko la albamu. Nami nipo upande wao.

Jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui ni kwamba wimbo mmoja wa De Lane Lea uliingia kwenye albamu yenyewe. Ni The Night Comes Down, wa pili upande wa B. Bendi iliona rekodi ile ya majaribio ni bora kuliko walichopata Trident, wakaitumia. Ndiyo maana ukipita kutoka Liar kwenda wimbo huo unahisi kama umetoka chumba kimoja na kuingia kingine. Hujadanganyika, ni studio nyingine kweli.

Wapo wanaosema albamu inayumba, kila wimbo na sauti yake. Ni kweli, na sababu ni ratiba. Queen walikuwa chini ya usimamizi wa wenye Trident, na hawakulipia saa za studio kama wateja wa kawaida. Waliingia pale wateja wanaolipa walipotoka, mara nyingi usiku wa manane, kuanzia Juni hadi Novemba 1972. Fikiria maana yake kwa fundi. Leo umepanga maiki, umepata sauti ya ngoma ya waya (snare) unayoitaka, saa kumi na moja alfajiri unafukuzwa. Mteja wa mchana anakuja, maiki zinahamishwa, vitufe vya meza vinazungushwa. Ukirudi baada ya siku tatu huipati tena sauti ile ile, hata ukiandika vipimo vyote kwenye karatasi. Keep Yourself Alive pekee ilichanganywa mara kadhaa na haikumridhisha mtu, mpaka Mike Stone, fundi kijana wa pale pale, alipopata miksi iliyokubalika. Waliotajwa kuwa watayarishaji ni John Anthony, Roy Thomas Baker na bendi yenyewe. Mikono ni mingi, na inasikika.

Wengine husema Queen "wanaiga Led Zeppelin", bendi nyingine ya roki ya Uingereza; nadhani watu husema hivyo kwa sababu ndilo jina la kwanza linalowajia. Ukiwa na Son and Daughter masikioni utasikia zaidi bendi ya Black Sabbath: rifu (kipande cha gitaa kinachorudiwa) nzito, ya taratibu, inayoburuzwa chini. Great King Rat ni kitu kingine kabisa, wimbo wa dakika karibu sita unaobadilisha mwendo mara kwa mara. Lakini lawama kwamba albamu ilitoka imechelewa ina msingi. Albamu ilikamilika Novemba 1972 na ikakaa miezi minane bila kutoka, kwa sababu kampuni ya kuitoa ilikuwa haijapatikana. Kampuni ya EMI ilipoitoa Julai 1973, baadhi ya nyimbo zilikuwa na umri wa miaka miwili na zaidi, na Uingereza ilikuwa imejaa bendi za vipodozi na mavazi ya kumetameta. Aliyeisikia siku hiyo alidhani Queen wanafuata mkumbo, kumbe walikuwa wamerekodi mapema. Keep Yourself Alive ilipotoka kama singo haikuingia kwenye chati. Albamu nayo ilipanda hadi nafasi ya 24 Uingereza mwaka 1974 tu, baada ya albamu ya pili kuwavuta watu warudi nyuma. Marekani iliishia nafasi ya 83.

Kuna maoni mengine yanayonigusa kwa sababu yanatoka kwetu. Farrokh Bulsara, aliyekuja kuwa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akasoma India, na familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya Mapinduzi. Basi wasikilizaji wa Kiswahili huingia kwenye albamu hii wakitafuta Mji Mkongwe, na My Fairy King ndiyo wanayoishikia bango, na ufalme wake wa kufikirika. Sipendi kumkatisha mtu tamaa, lakini kimuziki hakuna taarabu humo, wala udi, wala mwendo wa ngoma za pwani. Ni piano ya mtu aliyesomeshwa muziki wa Kizungu, na rundo la sauti za juu juu ya roki. Chenye thamani kwenye wimbo ule ni hiki: ndimo anapomtaja mama Mercury, na kwa maelezo ya Brian May, jina lake jipya lilitoka kwenye mstari huo. Kwa anayetaka kumjua Mzanzibari huyu, hilo ni jambo kubwa kuliko taarabu ya kubuni.

Wengine wanasikia sintesaiza. Haipo. Jalada la nyuma linasema wazi kwamba hakuna aliyeipiga, na tangazo hilo lilihitajika kwa sababu hata wakati ule watu hawakuamini masikio yao. Ni gitaa la May, alilolitengeneza na baba yake kuanzia 1963, shingo yake ikitokana na mbao za fremu ya zamani ya sehemu ya moto. Lina vinasa vitatu vya kunasa sauti ya nyuzi, kila kimoja na swichi yake ya kuwasha na nyingine ya kugeuza wimbi, hivyo vinasa viwili vikipingana vinatoa sauti nyembamba ya puani, na vikikubaliana vinatoa sauti nene. Anapigia sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki. Kwenye utangulizi wa Keep Yourself Alive, mkwaruzo ule unaozunguka kama upepo ni gitaa lililopitishwa kwenye mchezo wa kanda, nakala mbili zikipishana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Mwaka 2024 bendi ilirudi kwenye kanda zenyewe na kutoa Queen I. Watu wengi wanaiita albamu iliyosafishwa, na hapo wanakosea. Kusafisha ni kuchukua miksi iliyokwisha kuunganishwa na kuing'arisha. Hii imechanganywa upya, njia moja moja. Upigaji ni ule ule wa 1972, ila ngoma zimepewa chumba ambacho hazikuwahi kukipata. Pia wamerudisha Mad the Swine kwenye nafasi yake ya nne. Wimbo huo uliachwa 1973 baada ya Taylor na Baker kutoelewana kuhusu sauti za ngoma, ukafichwa hadi 1991. Ukitaka ushahidi kwamba malalamiko ya ngoma hayakuanza na wasikilizaji, huo hapo.

Mashabiki wamegawanyika, na ninawaelewa wote wawili. Keep Yourself Alive na Modern Times Rock 'n' Roll zimepona kabisa, ngoma zinakupiga kifuani. Ila Great King Rat ninairudisha kwenye miksi ya 1973. Ule ukavu uliwaweka waimbaji karibu na uso wako, na chumba kipya kimewasogeza nyuma hatua moja.

Kabla hujatoa hukumu yako, linganisha kwa haki, maana hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Sikio la binadamu hupenda chenye sauti kubwa zaidi, hata tofauti ikiwa desibeli moja tu, na wala halikuambii kwamba ndiyo sababu. Kwenye programu ya kusikilizia muziki, washa mpangilio wa kusawazisha sauti kati ya nyimbo. Kama una mafaili kwenye kompyuta, yapime kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti: tuseme toleo moja limesoma -9 na jingine -14, basi la kwanza lishushe desibeli 5 na usiguse la pili. Kisha chukua kipande kile kile cha sekunde 20 au 30, kile cha ngoma peke yake ndicho bora, ubadilishe kutoka toleo hadi toleo bila kukaa kimya katikati, kwa kuwa kumbukumbu ya sauti hufutika upesi. Usitumie spika ya simu. Haitoi sauti za chini, hivyo ngoma kubwa ya mguu utakuwa unaikisia tu. Spika moja ya bluetooth nayo huunganisha kushoto na kulia, na mizunguko ya gitaa inapotea. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha.

Wenye santuri wana jambo lao. Sahani huzunguka kwa mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho, lakini karibu na katikati mduara ni mfupi, kwa hiyo sindano inapita kwenye mfereji mfupi zaidi kwa kila sekunde, na sauti kali zinaanza kukwaruza. My Fairy King iko mwisho wa upande wa A, imejaa piano na sauti za juu kabisa. Ukiisikia inapasuka, kagua sindano na uzito wa mkono wake kabla hujawalaumu Trident.

Mwisho wa upande wa B ndio unaoleta swali kuliko yote: kipande cha Seven Seas of Rhye, sekunde 75, hakina mwimbaji, kinafifia ghafla. Watu hudhani sahani yao ina kasoro. Haina. Wimbo ulikuwa bado haujamalizwa kutungwa, wakaweka kilichokuwepo, na ule uliokamilika, wenye maneno, ukafunga albamu ya pili na kuwafikisha nafasi ya 10 Uingereza mwaka 1974. Zipige mbili hizo kwa kufuatana. Piano ni ile ile, ila safari hii ngoma zikiingia, zinaingia na chumba chake.