Expedition 33: Mji wa Lumière na rika lililofutwa

Mnara wa Eiffel umepinda. Hicho ndicho kilichonishika mara tu nilipoanza kucheza Clair Obscur: Expedition 33, gemu iliyotolewa Aprili 2025 na Sandfall Interactive, studio ya Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Chuma kimevutwa upande kama nta iliyosogezwa karibu na moto, na bado kimesimama. Nafundisha historia ya sanaa, na nimezoea kuona Paris ikifanywa pambo tu. Humu sivyo.

Tazama nyumba za Lumière, mji wa kubuni ambamo gemu inaanzia: mawe ya chokaa, paa za zinki, roshani zenye vyuma vilivyosukwa. Hiyo ni Paris aliyoibomoa na kuijenga upya Haussmann, afisa wa serikali, kati ya 1853 na 1870. Katika majengo ya wakati wake, roshani ndefu hukaa ghorofa ya pili na ya tano. Ile ya pili ilikuwa ya matajiri, kwa sababu lifti hazikuwepo na mwenye fedha hakutaka kupanda ngazi nyingi. Waundaji wa gemu wameuchukua mji huo wa kujivunia, wakaukata kutoka bara na kuuacha peke yake baharini.

Majina nayo yana asili. Lumière ni nuru, na pia ni jina la ndugu wawili waliowaonyesha watu filamu kwa kiingilio tarehe 28 Desemba 1895, katika Grand Café, boulevard des Capucines. Renoir, ambaye jina lake utalikuta humo, alikuwa mmoja wa wachoraji walioshiriki maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti mwaka 1874, katika barabara hiyohiyo. Gustave, fundi wa mitambo, ananikumbusha Gustave Eiffel. Mnara wake wa Maonyesho ya Dunia ya 1889 ulipewa ruhusa ya miaka 20 tu. Ulinusurika kubomolewa kwa sababu ulifaa kwa mawasiliano ya redio.

Lakini kiini cha gemu ni ile namba. Kila mwaka Mchoraji, kiumbe wa ajabu wa gemu hii, huamka na kuandika namba kwenye jiwe kubwa ng'ambo ya bahari, na kila mwenye umri huo hutoweka. Tukio hilo huitwa Gommage, neno linalotokana na gomme, raba ya kufutia. Wengi huishia kwenye uchawi wake. Mimi, na huu ni usomaji wangu mwenyewe, naona vita vya 1914, yaani Vita vya Kwanza vya Dunia.

Jeshi la Ufaransa liliita vijana kwa classe, yaani kwa rika. Rika la 1914 lilikuwa la waliozaliwa 1894. Hawakuchaguliwa mmoja mmoja. Mwaka wa kuzaliwa ulitosha. Waliokua pamoja na kusoma dawati moja waliitwa pamoja, na mara nyingi majina yao yakaishia pamoja kwenye mnara wa kumbukumbu wa kijiji. Wanajeshi wa Ufaransa waliokufa katika vita hivyo ni takriban milioni 1.4. Hapo hesabu ya Mchoraji inaacha kuwa ngano.

Zama za kabla ya vita hivyo huitwa Belle Époque, zama nzuri. Walioziishi hawakuziita hivyo. Jina lilikuja baadaye, kwa watu waliotazama nyuma wakiwa wamepoteza wapendwa. Ndiyo maana maua, magauni na taa za Lumière vinaumiza kuvitazama. Mji umevaa uzuri ambao sisi tayari tunajua ulikoishia. Hata jina la gemu limebeba hayo: clair-obscur ni ule uchoraji wa nuru na giza aliotumia Georges de La Tour katika karne ya 17, ambapo mshumaa mmoja huangaza uso na chumba kizima kikabaki gizani.

Mwanzoni kabisa, Gustave anaagana na Sophie, mwanamke aliyempenda. Namba inayoandikwa ni 33. Sophie ana miaka 33, Gustave ana 32.